Pindo la Kushoto

2 Februari

Mama mwenye nyumba,

Shikamoo. Hunijui. Nimeiona karatasi uliyobandika getini: "Nyumba inapangishwa. Andika barua, simu sisikii." Nilicheka peke yangu njiani, maana wenye nyumba wengine wote wanataka kwanza kodi ya mwaka na jina la mume.

Mimi ni mwoka mikate. Natoka alfajiri kwenda kwenye tanuri, mchana niko nyumbani. Sina mume, sina mtoto, sina redio kubwa. Nina paka. Nakuambia mapema ili tusipotezeane muda. Anaitwa Bosi, kwa sababu ndivyo anavyojiona.

Kwa ajili yake nimefukuzwa kwenye nyumba nyingi kuliko mwizi. Mmoja aliniuliza kama paka naye atachangia bili ya maji. Mwingine alikubali vizuri, hata funguo akanipa, kisha mkewe akachungulia ndani ya kikapu akapiga yowe mpaka majirani wakatoka. Dalali wangu siku hizi akiniona upande huu wa barabara, yeye anavuka kwenda upande ule. Na ninapokaa sasa panabomolewa, yajengwe maduka. Mwisho wa mwezi niwe nimetoka.

Nyumba yako nimeitazama kwa nje tu, kupitia geti, nikaipenda. Ule uwa wenye kivuli Bosi angeulalia mpaka asahau kula. Nakuomba utufikirie sisi wawili.

Mwoka mikate


9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Una mwandiko mkubwa, Mungu akubariki, wengine wananiandikia sisimizi.

Nilikuwa opereta wa simu, enzi ambazo mtu hazungumzi na mtu bila kupitia kwangu. Nimesikia ugomvi wa mji mzima, na posa zake, na uongo wake. Sasa masikio yamesema yametosha. Nilianguka bafuni mwaka jana, mwanangu akaja akanichukua. Nakaa naye ghorofani, mji mwingine, natazama paa za watu. Ndiyo maana nyumba iko tupu.

Ni yako ukiitaka. Komeo la bafuni linagoma, linyanyue kwanza ndipo ulivute. Bomba la uani linaunguruma kama lori kabla ya kutoa maji. Maziwa yakiwa jikoni usiende mbali, jiko lile lina haraka.

Mnyama hapana. Si paka, si mbwa, si kuku. Masharti yamepigwa chapa hivyo. Usiniulize kwa nini, na usinieleze huyo Bosi ni msafi kiasi gani. Najua wanavyokuwa.

Amua haraka. Nyumba ikikaa bila mtu inaanza kujisikitikia.

Mama mwenye nyumba
(mtaani wananiita Bibi Simu)


23 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimehamia. Sikupata pengine, na tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa nje ya mlango wangu wa zamani.

Bosi nimempa mwenzangu kazini, yule anayepanga mikate kwenye kreti. Anakaa na mama yake. Nilimpeleka kwenye kikapu kilekile cha fedheha. Njia nzima hakulia. Nilipokuwa natoka alikaa katikati ya sebule yao akautazama mlango, sio mimi, mlango, kama mtu anayesubiri basi. Nilisema narudi sasa hivi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Sikulaumu, masharti ni masharti. Ila nilizoea kuamshwa kwa kukanyagwa kifuani, na sasa saa ya mezani inaniamsha bila mapenzi yoyote.

Komeo nimelielewa. Bomba lilinitisha siku ya kwanza, nikakimbia na ndoo.

Mpangaji wako


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo nina taarifa ya nyumba, na nadhani utafurahi kuwa umempata mpangaji anayefuata masharti.

Tangu nihamie kulikuwa na mbwa. Wa kahawia, mzee kidogo, mkia umechakaa. Kila nikitoka kazini namkuta amelala barazani, kwenye kile kizingiti cha jikoni, kama mwenye hati ya kiwanja. Nikajua ni mimi niliyemleta. Nguo zangu zinanuka mkate, hata mimi mwenyewe nikijinusa nasikia njaa. Namfukuza kwa ufagio, anaondoka taratibu bila ugomvi, kesho yupo. Nikammwagia maji, akajikung'uta akanisamehe. Ukweli ningemzoea. Lakini nilikuwa nimemtoa wangu kwa sababu ya sheria hiyohiyo. Ningewezaje kumpa wa barabarani nafasi ya Bosi?

Sasa wiki iliyopita nafua uani, bomba linaunguruma, yule mbwa akaja mbio akaning'ang'ania gauni. Pindo la chini, upande wa kushoto, akavuta kwa nguvu, likachanika. Nikapiga kelele, nikajua leo ananirarua. Kumbe getini kuna msoma mita, aliyekuwa amegonga mpaka vidole vinamuuma. Akasikia kelele zangu, akaruka ukuta, akamfukuza kwa fimbo. Ndiye aliyeniambia manispaa wana watu wa kukamata mbwa wa mitaani. Walikuja kesho yake na gari. Hakusumbua hata kidogo. Aliingia mwenyewe.

Kwa hiyo nyumba yako sasa haina mnyama wa aina yoyote.

Mpangaji wako


17 Machi

Mwanangu,

Nijibu upesi. Huyo mbwa, sikio lake la kulia limekunjika? Ana alama nyeupe shingoni kama mtu aliyedondosha uji? Alikuvuta kuelekea wapi? Getini?

Nina mbwa. Sikukuambia. Nilitoka mjini kwetu nikamwacha kwa fundi baiskeli, mlango wa bluu, wa pili kutoka kwetu. Mwanangu ananihakikishia kila Jumapili kwamba yuko hukohuko, anakula, ananenepa. Anaitwa Kengele. Masikio yangu yalipoanza kuisha ndiye aliyekuwa masikio. Mtu akigonga, ananishika pindo la gauni, ananivuta mpaka getini. Maziwa yakitaka kumwagika, ananivuta jikoni. Hakuna aliyemfundisha. Alinitazama tu akaelewa kilichonipungukia.

Mbwa wengi ni wa kahawia, najua. Na mbwa wengi wanapenda mkate. Sitaki kukutisha. Nenda tu kwa fundi baiskeli ukamwangalie kwa macho yako, kisha uniandikie umemwona. Nikipata barua hiyo nitalala.

Bibi Simu


19 Machi

Dada,

Habari za kazi. Mimi ni mtoto wa mwenye nyumba, ndiye ninayesimamia mambo ya upangaji, masharti na mengine yote. Mama hajui nakuandikia.

Tangu apate barua yako hali chakula vizuri. Anakaa dirishani na koti mwilini kama mtu wa safari.

Fundi baiskeli alihama Desemba, utakuwa umeuona mlango umefungwa. Kabla hajahama alinipigia akasema mbwa hakai kwake, kila siku anarudi barazani kwetu. Nilimwambia nitatafuta njia. Sikuipata. Nikaendelea kumwambia Mama kwamba mambo ni mazuri.

Usinione sina roho. Jengo ninalopanga lina tangazo pale chini kwenye ngazi: mbwa, paka, ndege, hawaruhusiwi. Nilizunguka nikitafuta nyumba ya kutupokea sote, mimi, Mama na yule mbwa. Kila mlango, jibu lilikuwa moja: mama sawa, mbwa hapana. Nikamchukua mama. Wewe ungefanyaje?

Naomba umwandikie kwamba umemwona Kengele kwa fundi na ni mzima. Maneno machache tu, atulie. Kama huwezi, itabidi tukae tuzungumze upya kuhusu hiyo nyumba.

Mtoto wake


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa wasiwasi wote huo, nimekuletea mimi na mdomo wangu.

Nimekwenda kwa fundi baiskeli. Kengele yupo! Sikio limekunjika kama ulivyosema, na ule uji shingoni. Amenenepa, anamaliza sahani yote na ya jirani. Fundi anakusalimia sana. Nilipofungua tu ule mlango wa bluu akanibwekea kwa furaha mpaka wateja wakaziba masikio. Alibweka, alibweka, nikamwambia basi bwana, nitafikisha salamu.

Yule wa barazani alikuwa mwingine kabisa. Tena mweusi mweusi hivi, nikimkumbuka vizuri.

Lala, Mama. Kula. Nyumba iko salama.

Mpangaji wako


1 Aprili

Mwanangu,

Kengele habweki.

Alipokuwa mdogo alibweka kama mbwa yeyote. Akaona anabweka na mimi nimempa mgongo, simgeukii. Akaacha. Miaka yote iliyobaki hakuna aliyesikia sauti yake, majirani walidhani ni bubu. Kwa nini amsumbue mtu asiyesikia?

Nimekaa maisha yangu yote kwenye waya nikiwasikiliza watu wanaodanganyana kwa upole. Wanasema mengi mno. Wangesema machache, labda wangeaminika. Uliposema sahani ya jirani, nikajua. Uliposema anabweka, niliweka karatasi chini.

Mwanangu nimembana, amekiri mambo ya fundi. Kwamba alikutishia nyumba, nalo amelikiri. Mtu mzima, ana mvi, analia kwenye kochi. Sikufukuzi. Nyumba ni yangu, jina langu ndilo liko kwenye hati, na hilo la kukufukuza usilisikie kwa mtu mwingine.

Lakini nenda huko manispaa. Nenda kweli safari hii. Uniambie ulichokikuta hata kama ni kibaya.

Mama wa Kengele


8 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Ni uwa mkubwa nyuma ya karakana ya magari ya taka, una vibanda vya waya. Mlinzi wa pale ni mzee mmoja mstaarabu, amevaa buti za mvua. Nilimweleza: wa kahawia, sikio la kulia, alama shingoni. Hakufungua hata daftari. Akasema, "Yule mvuta suruali."

Alisema walimweka muda mrefu kuliko wanavyowaweka wengine, kwa sababu hakuwa na matata. Hawakumfungia, walimwacha atembee uani. Kila mtu akifika getini, Kengele anakwenda kumshika mlinzi suruali, upande wa kushoto, anamvuta mpaka kwenye geti. Kisha anakaa pembeni, anamtazama aliyeingia. Mlinzi anasema alimtazama kila mmoja aliyeingia, mpaka madereva.

Walisubiri mtu aje kumdai. Mwisho wa Machi lilikuja gari lingine na mbwa wengi, nafasi ikawa hakuna. Mlinzi aliomba likizo siku hiyo. Kengele hayupo tena, Mama. Alipigwa sindano pamoja na wengine.

Mwisho wa Machi. Nataka uelewe hapo, maana mimi nimeelewa, na sitaki kukufichia tena. Barua yako ya kuniuliza sikio niliisoma nikajua papo hapo. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kisha ikaja ya mwanao, nikaogopa kurudi kwa dalali, nikaogopa kuanza upya kubisha milango ya watu. Siku niliyokaa hapa mezani nikikuandikia kwamba amenenepa, alikuwa hai. Ni mwendo wa basi moja kutoka hapa. Ningeshuka, ningegonga geti, angekuja yeye mwenyewe kunitangaza.

Siyo mkate aliokuwa anaufuata. Alikuwa ananiambia kuna mtu mlangoni, na mimi nikamwita mkali.

Nitahama. Hukuniomba, lakini nitahama. Nisamehe kama itawezekana, na isipowezekana pia nitaelewa.

Mwoka mikate


20 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilitaka ipungue ndipo niandike. Haijapungua. Naandika hivyohivyo.

Nimekukasirikia wewe. Nimemkasirikia mwanangu, tunakula meza moja kama abiria. Lakini aliyenichosha zaidi ni mimi. Yale masharti aliyaandika yeye, kweli, alinakili kutoka kwenye karatasi ya jengo lake. Aliponionyesha "mnyama hapana" ningeweza kusema futa. Nilisema acha. Niliona kama wangu amekosa nafasi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, basi asikae wa mtu mwingine. Kisha ukaja wewe na barua yako ya kuchekesha na Bosi wako, nikakujibu kama askari. Nilitaka mtu mwingine naye aache kitu. Ukaacha. Nikasoma jinsi alivyoutazama mlango, nikalia, na bado sikukuandikia umrudie.

Ile nyumba ina vyumba viwili. Mimi nilikuwa nahitaji kimoja, na mtu mwenye masikio katika kile cha pili. Wewe ulihitaji kimoja na uwa wa paka. Wewe masikio unayo. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza. Mwanangu alitafuta nyumba ya kutupokea sisi na mbwa mji mzima, na ilikuwepo, nilikuwa nimeitoka. Tulihangaika kumwomba kila mtu isipokuwa sisi kwa sisi.

Usihame. Ukihama utakuwa umeniachia nyumba tupu, na mimi sina nguvu ya kubandika karatasi tena. Kamchukue Bosi. Ile ibara nimeikata kwa kalamu nyekundu, nakala hiyo imo humu, mwanangu ametia sahihi bila kuinua kichwa.

Nina ombi moja. Mimi nilitoka na magauni yangu yote mazima, maana Kengele alijua kuvuta bila kuchana. Wewe alikuchana kwa sababu ulikuwa hugeuki. Lile gauni, kama hujalishona, nitumie.

Bibi Simu


28 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Nilikwenda kwa Bosi. Alikuwa kwenye mapaja ya mama yake mwenzangu, yule bibi anamlisha kwa kijiko. Nilimwita. Alifungua jicho moja, akanitazama kama mteja aliyekuja wakati duka limefungwa, akalifunga. Bibi akamshika shingo kidogo tu, akachungulia mikononi mwangu, anaogopa nimekuja na kikapu. Nilikuwa nimekiacha nje mlangoni. Nilikunywa chai yao, nikaondoka nacho kitupu. Karatasi yako ya kalamu nyekundu nimeiweka kabatini, haina kazi tena kwangu, lakini siitupi.

Nitakaa, kama ulivyosema. Chumba cha mbele nimekitoa vitu vyangu, nimekipiga deki. Sisemi neno zaidi. Mwanao anajua njia, na mimi mchana niko nyumbani, nikisikia mlango nitakuja kukushika mkono.

Kuhusu gauni. Nililishona siku ileile, Mama, kabla hata gari la manispaa halijafika. Nililipeleka kwa fundi cherehani pale kona, akalipiga mashine vizuri sana, huwezi kujua palikuwa na kitu. Nimetafuta alama usiku na mchana, hakuna. Nilikaa nalo barazani, kwenye kile kizingiti, nikachukua wembe, nikafumua mshono wote, uzi mmoja mmoja, mpaka likarudi kama alivyoliacha.

Nakutumia. Ni upande wa kushoto.

Mpangaji wako